Cheti Kiko Ukutani, Mwenyewe Yuko Mwanza

Mwenzangu, nakuandikia wewe kama mtu ambaye ningemwachia ufunguo wa nyumba yangu nikisafiri. Sina sababu ya kukuficha kitu, wala sina nguvu ya kukupamba. Umemaliza shule, au unakaribia, na umeambiwa famasi ina hela. Vijana wa kwaya yetu nao wameambiwa hivyo. Kila Jumapili ibada ikiisha wananizunguka pale nje: "Mama Kulwa, eti mfamasia analipwa vizuri?" Mimi hapo miguu inawaka moto, nataka kwenda kukaa, nawajibu tu, "Inategemea." Wanaondoka wakidhani nawanyima siri.

Leo nimekaa. Miguu iko juu ya kigoda, chai ipo. Acha nikwambie inategemea nini.

Kwanza ujue mimi sikuwa mfamasia. Nilikuwa mtoa dawa, yule mwanamke unayemkuta kaunta, anayekuuliza dawa hii ni ya nani na ana umri gani. Nimeifanya kazi hiyo Didia, nikaifanya Shinyanga mjini, nikaenda Geita pale Kalangalala, nikamalizia Buseresere kwenye barabara ya Biharamulo. Mwaka huu mishipa ya miguu imekataa kusimama, nikaacha. Watu wananiita mstaafu kwa utani maana hamsini sijafika. Kiinua mgongo sikupata, mgongo wenyewe nimeondoka nao hivyo hivyo ulivyo. Kote nilikopita kazi ilikuwa ile ile, vidonge vile vile, kikohozi kile kile. Mshahara ndio haukuwahi kufanana.

Nianzie Buseresere, ndiko nilikojifunza zaidi.

Aliyeniajiri kule tulimwita Bosi Mabula. Alianza na biashara ya ng'ombe, halafu dhahabu ikamkubali, akafungua famasi kama wenzake walivyofungua baa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti kubwa na haraka. Siku niliyoripoti alinionyesha ukutani, juu ya kaunta, cheti kimewekwa kwenye fremu inayong'aa. Cheti cha mfamasia, jina Editha, na picha ya binti mwembamba anayetazama kamera kama imemkosea.

"Huyu ndiye mfamasia wetu," akasema.

"Yuko wapi nimsalimie?"

"Yuko Mwanza."

"Anakuja lini?"

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Mama Kulwa, huyu haji. Wewe nakulipa ufanye kazi, yeye namlipa asifanye. Tena yeye nampa zaidi."

Nilisimama pale na mkoba wangu begani, nikasema moyoni, Bwana nipe subira.

Nikueleze ilivyo, usije ukapotea. Sheria inasema famasi lazima iwe na mfamasia, mtu aliyesoma chuo kikuu, na awepo pale dukani. Sasa huku kwetu kwenye dhahabu wenye pesa ya kufungua famasi ni wengi, na wafamasia wanaokubali kuja kuishi kwenye vumbi ni wachache. Ndipo watu wakabuni kukodisha cheti. Mfamasia anakaa zake mjini, cheti kinatumwa kwa basi, kinatundikwa, na kila mwezi mwenye duka anamtumia kodi ya jina lake. Kazi anafanya mtu kama mimi. Ukisikia fulani ni mfamasia na anapata sana, uliza kwanza anapata kwa mikono yake au kwa fremu.

Wateja wenyewe waliona jina ukutani, wakaniona mimi chini yake, wakajumlisha. Bibi Holo, mama mmoja mzee aliyekuja kila wiki kuchukua dawa za presha, aliniita Dokta Editha tangu siku ya kwanza, akinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Dokta Editha."

"Mwangaluka, mayu. Mimi siyo Editha. Mimi ni Mama Kulwa."

"Haya, Dokta Mama Kulwa." Wiki inayofuata anarudi: "Mwangaluka, Dokta Editha." Nilimsahihisha kila mara, naye kila mara alinitazama kama mtu anayenihurumia kwa kujisahau.

Editha mwenyewe nilimfahamu kwa simu. Alikuja dukani mama mjamzito na karatasi ya dawa ambayo haikunikaa sawa, nikachukua namba kwa Bosi nikampigia. Nilitegemea mtu wa maringo. Akapokea binti ana adabu, "Shikamoo mama," akaniuliza mimba ina miezi mingapi, akaniambia ile dawa nisiitoe, nimrudishe mama zahanati, na akanieleza kwa nini. Tangu hapo akawa anapiga kila Ijumaa. "Hali ya dukani, mama? Kuna kinachokutatiza?" Nikaanza kumpenda, Mungu anajua, kama mdogo wangu wa mwisho.

Kidogo kidogo akanieleza na yake. Alikuwa ameajiriwa hospitali moja ya binafsi huko Mwanza. Shahada yake ilimchukua miaka mingi kuliko ndoa za watu wengine, lakini hospitali ilimlipa kama wanavyowalipa waliotoka chuo jana. Kuna mkopo wa masomo unakatwa, kuna kodi ya chumba, kuna mdogo wake chuoni. "Mama, mshahara unaingia asubuhi, jioni unaona mgongo wake tu." Kodi ya cheti ndiyo iliyokuwa inamlipia mdogo wake ada. Kwa hiyo hasira niliyokuwa nayo juu yake ilikosa pa kukaa.

Na mimi nilikuwa naijua kiu ya karatasi. Nirudi nyuma kidogo. Didia nilianza nikiwa nimeishia darasa la saba, nasaidia kwenye duka dogo la dawa la mama mmoja. Huko mshahara ulifuata mazao. Pamba ikiuzwa watu wanakuja kununua hata vitamini wasizozihitaji, bosi anatabasamu, unalipwa. Ikifika kiangazi, mtu analeta kuku anataka dawa ya minyoo, na mwisho wa mwezi nabeba debe la mpunga kichwani, ndiyo mshahara huo. Siyo kwamba mama yule alikuwa bahili. Hela haikuwepo kijijini, sasa atatoa wapi? Ukienda kufanya kazi mahali, angalia watu wa pale wanapata hela lini na kwa njia gani, maana mshahara wako unatoka kwenye mifuko yao hata ukiandikiwa mkataba mzuri namna gani.

Niliomba nyongeza nikaambiwa huna cheti. Ndipo nikaingia masomo ya jioni Shinyanga mjini. Tulikuwa wamama wazima, wengine wananyonyesha, tunakariri kemia huku mtu anasinzia na kalamu mdomoni. Nilifeli kwanza, nikarudia. Mapacha wangu, Kulwa na Doto, walikuwa wananiuliza, "Mama, na wewe unachapwa?" Nikafaulu, nikaenda kozi ya utoaji dawa, nikapata cheti changu kidogo. Mshahara ukapanda. Haukupanda sana, ulitosha nikaacha kubeba mpunga.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Masanja, mfamasia aliyestaafu hospitali ya serikali, tukawa naye famasi ya mjini. Mzee yule alihesabu vidonge kwenye sahani yake, vitano vitano, kwa kijiko bapa, mkono haugusi kidonge kamwe. Ukishika kwa vidole anakuuliza, "Hivyo unahesabu dawa au unachambua mchele?" Alinifundisha nisimuulize mgonjwa "umeelewa?" maana kila mtu husema ndiyo. Mwambie akueleze yeye utakavyokunywa dawa, kama wewe ndiwe mgonjwa. Na kama ni mtu wa shamba, akueleze kwa Kisukuma, hapo ndipo utajua. Dawa mpya weka nyuma, ya zamani weka mbele, la sivyo zitapita muda na bosi atakukata. Hilo la kukatwa liandike moyoni. Wengi tunajadili mshahara tunaoahidiwa, hatuulizi vitu gani vinakatwa humo.

Nilimuuliza siku moja kwa nini yeye, mzee mwenye elimu ile, bado anasimama kaunta. Akasema, "Mama Kulwa, serikalini nililipwa kidogo lakini ililipwa kila mwezi, na pensheni ipo. Wenzangu waliokwenda kwa watu binafsi walilipwa zaidi, wengine sasa wananikopa. Na mimi niko hapa kwa sababu mke wangu hataki kuniona nyumbani mchana."

Kalangalala nilikaa muda mfupi. Pale walilipa kwa asilimia, ukiuza zaidi unapata zaidi. Inasikika vizuri. Basi anaingia mwanaapolo, mchimbaji, katoka kwenye duara, shimo la dhahabu, na tope hadi kwenye nyusi: "Dokta, nipe dawa ya nguvu, nataka kushuka tena." Mtu mgongo umekwisha, anataka vidonge vikali vya maumivu visivyotolewa bila karatasi ya daktari, ili asisikie mwili ukimwomba apumzike. Mwenzangu niliyepangwa naye zamu alikuwa anavitoa. Mimi namwambia kalale, kunywa maji, kesho nenda hospitali. Mwisho wa mwezi mwenzangu ananunua kitenge, mimi nahesabu nauli. Alikuwa ananitania, "Wewe Mama Kulwa unauza maji na usingizi, hivyo havina asilimia." Sikuweza kuendelea. Kila nilipomwambia mtu ukweli nilikuwa najikata mwenyewe mshahara, na nilianza kuogopa siku ambayo nitachoka kusema ukweli.

Ndiyo maana Buseresere, kwa Bosi Mabula, nilipaona afadhali. Mshahara ni mdogo ila haubadiliki. Hakuna asilimia.

Sasa nikupe ile habari yenyewe.

Kwenye barabara ile maduka ya dawa yalikuwa na desturi. Wakaguzi wakionekana wilayani, simu zinapigwa kutoka centa moja hadi nyingine. Kila mwenye duka anajua ana cheti cha kukodi, au dawa asizoruhusiwa. Basi mageti yanashushwa, na kwenye kila geti kinabandikwa kikaratasi: TUPO MSIBANI. Nani atabishana na msiba? Mkaguzi anapita barabara nzima, amefiwa huyu, amefiwa yule, anarudi alikotoka. Msiba ukipita, maduka yanafunguliwa na hakuna aliyezikwa.

Siku moja alasiri ikaja simu, wakaguzi wamelala Chato, kesho wako huku. Bosi Mabula alikuwa kwenye mnada wa ng'ombe. Akapiga: "Mama Kulwa, kesho usifungue. Bandika msiba."

"Msiba wa nani, bosi?"

"Wa yeyote!"

"Bosi, mimi siandiki kifo ambacho Mungu hajaleta. Nina watoto."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Basi fungua, uvae koti jeupe, wakiuliza Editha, sema ndiye wewe. Kwani watu si wanakuita hivyo? Ile picha imefifia."

"Hilo nalo siwezi."

"Sasa unaweza nini, mama?"

Nikakata simu, nikampigia Editha. Nilimwambia yote. Ukaguzi ukikuta cheti chake bila yeye, leseni inaweza kwenda, na leseni ikienda hana hospitali, hana kodi ya cheti, hana miaka yake yote ya chuo. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Akaanza kulia taratibu.

"Mama, si uwaambie tu wewe ndiye mimi. Ni dakika chache."

"Mwanangu, sitasema hivyo. Nakwambia leo ili kesho usije ukasema nilikugeuka. Kama jina lako liko hapa, njoo ukae chini yake."

"Nina zamu asubuhi. Nikiondoka bila ruhusa wananifukuza."

"Najua."

"Unajua halafu unaniambia niondoke?"

"Nakwambia nitakavyosema mimi. Kuondoka utaamua wewe."

Hakuaga. Nilipiga magoti nikamwombea, na nikajiombea mimi pia, maana mshahara wangu nilijua unaondoka vyovyote itakavyokuwa.

Asubuhi nikafungua. Barabara yote imeshuka mageti. Msibani, msibani, msibani, mpaka mwuza chipsi naye kabandika, sijui anaogopa nini. Sasa fikiria, duka lililo wazi ni langu tu, na watu wanaumwa kama siku zote. Kabla jua halijapanda duka limejaa. Kuna mama ana mtoto wa mgongoni anawaka homa, amepimwa zahanati ana malaria, pale dawa zimekwisha. Bibi Holo yupo kwenye benchi. Waendesha boda wapo mlangoni kuangalia sinema ya bure.

Gari likasimama. Wakashuka wakaguzi wawili, mwanaume mmoja aliyebeba mkoba na mama mmoja mnene wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Yule mama akasimama katikati ya barabara, akasoma mageti, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Poleni sana Buseresere," akasema. "Mmefiwa na nani?"

Dereva mmoja wa boda akavua kofia. "Mheshimiwa, jina bado hatujatangaziwa."

Hata yeye alitabasamu kidogo. Akaingia kwangu, akatazama cheti, akanitazama mimi. "Wewe ndiye Editha?"

Kabla sijafungua mdomo Bibi Holo akadakia kutoka kwenye benchi: "Ndiye! Dokta Editha wetu huyo! Ananipa dawa ya presha kila wiki!" Na watu wakaitikia, ndiye, ndiye. Walitaka kuniokoa. Nilitamani kukaa chini.

"Siyo mimi," nikasema. "Mimi ni Mama Kulwa, mtoa dawa. Cheti changu ni kile kidogo pale pembeni."

"Na Editha yuko wapi?"

Hapo sikuwa na uhakika. Simu yangu ilikuwa na ujumbe mmoja tu wa alfajiri, umeandikwa, *Niko kwenye foleni ya kivuko.* Enzi hizo Mwanza na upande huu tulivuka kwa kivuko, na foleni ya kivuko cha Busisi ilikuwa haina huruma na mtu. "Yuko njiani anakuja," nikasema.

"Kutoka wapi?"

"Mama, akifika atakujibu mwenyewe."

Akaenda kukaa kwenye benchi karibu na Bibi Holo. "Tutamsubiri. Wewe endelea kuhudumia."

Nikaendelea. Nikahesabu kama alivyonifundisha Mzee Masanja, kwa kijiko bapa, vitano vitano. Nikampa yule mama dawa ya mseto kwa uzito wa mtoto, nikamwambia anieleze atakavyompa. Akanieleza kwa Kisukuma, akakosea ile ya jioni, nikamrudisha, akaeleza tena akapatia. "Wabeja, Dokta Editha," akanishukuru, akaondoka. Mkaguzi alisikia.

Boda ikafunga breki nje. Akashuka binti, koti la hospitali bado liko mwilini, vumbi limemkaa kichwani kama unga. Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. "Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba mwanangu." Ndiyo mara ya kwanza tunaonana.

Mkaguzi akavaa miwani. "Wewe ndiye mfamasia wa hapa?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Vizuri. Karibu kazini kwako. Naomba unionyeshe friji ya dawa za baridi."

Mwenzangu, kitu kidogo namna hiyo. Friji ilikuwa nyuma ya pazia la bluu kulia, kila mteja wa Buseresere anaijua, hata watoto. Editha akatazama kushoto. Akatazama rafu. Nikamwona Bibi Holo anavuta midomo, anaielekeza kwenye pazia, hivi, kama tunavyomwonyesha mtu njia bila kutumia kidole. Editha akamwona. Mguu wake ukaanza kwenda kulia.

Halafu ukasimama.

"Sijui iko wapi," akasema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia humu. Nilikodisha cheti."

Bibi Holo akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya kanisani, "Kwa hiyo wewe siyo Editha?"

Walifunga duka kwa lakiri. Editha alipewa barua ya kwenda kujieleza, na leseni yake ikasimamishwa kwa muda. Yule mama mkaguzi alimwambia nje, na mimi nipo: "Ungesema uongo kuhusu friji, ningeandika ifutwe." Hospitali ya Mwanza ikamfukuza wiki hiyo hiyo kwa kuacha zamu. Na mimi kazi sina. Bosi Mabula alikuja, akaangalia lakiri, akaniangalia, akasema, "Sasa huu ndio msiba," akawasha pikipiki akaondoka.

Usifikiri ukweli ulitulipa haraka. Editha alishindwa kodi ya chumba Mwanza, akahamia kwangu. Nilikuwa napika chapati pale stendi, yeye anageuza. Mfamasia mwenye shahada, na chapati zake mbichi katikati, wateja wakawa wananiomba nigeuze mimi. Mdogo wake aliahirisha masomo. Kuna siku jioni akaniambia, "Mama, natafuta namna ya kukuchukia nimeshindwa." Nikamwambia aendelee kutafuta, mimi sitakasirika. Tukasali, tukalala. Kiangazi chote kilipita hivyo.

Leseni yake iliporudi, Bosi Mabula alikuwa wa kwanza kufika. Duka limefungwa, dawa zinapita muda ndani, na sasa wakaguzi wanaijua barabara ile. Alihitaji mfamasia wa nyama na mifupa. Akakaa kwenye ndoo yangu ya unga, akasema atampa Editha ile ile kodi ya zamani na chumba cha kulala bure.

"Hiyo ilikuwa ya jina," Editha akasema. "Sasa nakuja na mwili."

"Haya, naongeza."

"Na asilimia sitaki. Mshahara usiobadilika, na dawa zikipita muda tunakaa kuangalia nani ameagiza, hunikati kimya kimya."

"Mnanifungia duka halafu mnanipangia mishahara!"

"Na Mama Kulwa anarudi."

"Mama Kulwa nani amemkataza?"

"Anarudi na mshahara ulioongezwa. Asiporudi, mimi na cheti changu tunatafuta duka jingine. Yapo mengi, yana misiba."

Bosi Mabula alinitazama kama ananiuliza nimemfundisha nini yule mtoto. Sikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimeshika mwiko, chapati inaungua.

Akakubali. Ndivyo nilivyoongezewa mshahara, mara pekee katika maisha yangu bila karatasi mpya. Mambo yote niliyojifunza kwa Mzee Masanja, na vidonge vyote nilivyohesabu, havikuwahi kunipandisha nikiomba mimi. Alipoomba mtu ambaye sheria inamhitaji, ilichukua muda wa chapati moja kuungua. Nilifurahi. Na niliposimama kaunta siku ya kwanza tena, nilijisikia nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, maana sasa nilijua ni nani anayesikilizwa akiomba.

Editha alichopata kilizidi mshahara wa hospitali, hakikufikia hospitali na kodi ya cheti vikijumlishwa. Ilimchukua muda kuizoea hesabu hiyo. Lakini kwa kuwa alikuwepo mwenyewe, duka liliruhusiwa kuweka dawa ambazo wenye vyeti vya kukodi wanaziogopa, watu wa sukari na presha wakaacha kwenda Geita mjini, biashara ikakua, na baadaye akaomba tena nyongeza akapewa. Mdogo wake akarudi chuo. Maduka mengine? Mengine yalitafuta wafamasia. Mengine mpaka leo yanafiwa kila wakaguzi wakija.

Basi ndugu yangu, nakuomba jambo moja, usikae na haya peke yako. Kuna mwenzako darasani, au rafiki wa kaka yako, amepigiwa simu wiki hii na mtu wa huku, anaambiwa, "Huna haja ya kuja, tuma cheti tu." Naye ana shida za kweli, kama Editha. Mtafute umsimulie, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, vyovyote atakavyoelewa. Usiongeze utamu. Mweleze kiangazi chote tulichokosa mshahara, na masomo ya yule mdogo yaliyosimama, asije baadaye akasema Mama Kulwa alimdanganya. Akisikia yote hayo na bado akauliza aje au atume, mwambie aje.